Kupanga kazi za siku kwa programu ya simu: mwongozo kwa mkazi wa Dodoma

Simu iache pembeni kwanza. Chukua kalamu na karatasi uandike kila jambo linalokudai: ada ya mtoto, barua ya likizo, bomba linalovuja, kiwanja ambacho hati yake haijatoka, deni la dukani, shangazi aliyelazwa. Usipange wala usichague, andika tu mpaka kichwa kikauke. Tunaanzia kwenye karatasi kwa sababu programu mpya ina rangi, alama na vichwa vya orodha vinavyomshawishi mtu apambe kabla hajajua ana nini cha kupanga. Matokeo yake ni orodha nane nzuri zenye kazi mbili mbili, na baada ya wiki chache programu haifunguliwi tena.

Kuhusu programu ipi, usipoteze jioni nzima. Google Tasks, Microsoft To Do, Todoist na TickTick zote zina toleo la bure, na zote hukuruhusu kuandika bila intaneti, kisha hupeleka mabadiliko yako bando likirudi. Anayetumia Gmail na kalenda ya Google achukue Google Tasks, maana kazi yenye tarehe hujitokeza yenyewe kwenye kalenda. Ambaye ofisi yake inatumia Outlook achukue Microsoft To Do. Hiyo ina ukurasa wa My Day, wenye alama ya jua, ambao hujisafisha kila siku mpya inapoanza, na kwa maoni yetu ukurasa huo peke yake unatosha kuipa ushindi. Todoist na TickTick zina nguvu zaidi kwenye kazi zinazojirudia, ila toleo la bure lina mipaka. Todoist pia husoma tarehe ndani ya sentensi unayoandika, lakini Kiswahili haimo kati ya lugha inazozielewa. Ukiandika "kesho saa tatu" itabaki kuwa maneno tu, bila tarehe wala kengele.

Kabla ya kuandika kazi ya kwanza, hakiki akaunti. Watu wengi hapa hufunguliwa barua pepe na muuza simu au fundi siku ya kununua, na nywila wanaisahau au hawakuijua kamwe. Simu ikiibiwa au ikifa, orodha yote inaondoka nayo ingawa imehifadhiwa salama kwenye mtandao, kwa kuwa mwenyewe hawezi kuingia. Jaribu kuingia kwenye akaunti hiyo hiyo kupitia simu ya mwenzako au kompyuta. Ukishindwa, badilisha nywila sasa, wakati simu bado iko mkononi, na uweke namba yako ya sasa kuwa ya kurejeshea akaunti.

Saa: hapa ndipo wengi huumia

Sisi tunahesabu saa kuanzia macheo na machweo, simu inahesabu kuanzia usiku wa manane. Kila mtu analijua hilo, lakini kidole kikiwa na haraka huandika kile ambacho mdomo umesema. Ukiambiwa kikao ni saa tatu asubuhi nawe ukachagua 3:00, kengele italia saa tisa usiku, utaizima kwa hasira, na saa ya kikao simu itakuwa kimya.

Kinga ya kwanza ni kuondoa AM na PM kabisa. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya tarehe na saa, washa mfumo wa saa 24. Programu nyingi za kazi hufuata mpangilio huo wa simu. Ukibaki na AM na PM, mtego mkubwa ni saa sita: 12 PM ni saa sita mchana, 12 AM ni saa sita usiku, na wapo wasomi wanaozichanganya kila wiki.

Kubadilisha ni hesabu ndogo. Kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, ongeza 6: saa 3 asubuhi ni 09:00, saa 7 mchana ni 13:00, saa 9:30 alasiri ni 15:30. Kuanzia saa 1 usiku hadi saa 5 usiku, ongeza 18: saa 2 usiku ni 20:00. Saa 6 usiku ni 00:00. Kuanzia saa 7 usiku hadi saa 12 alfajiri, toa 6: saa 11 alfajiri ni 05:00. Asiyependa hesabu atazame saa ya mishale, namba iliyo mkabala kabisa na saa ya Kiswahili ndiyo ya kimataifa: 3 inatazamana na 9, 1 inatazamana na 7. Kisha, ndani ya jina la kazi lenyewe, andika saa kwa Kiswahili: "Kikao cha bajeti, saa 3 asubuhi". Kengele ikiwekwa vibaya, utaona mara moja kwamba jina na saa havipatani.

Tarehe nayo ina mtego wake. Simu hubadilisha siku saa 6 usiku. Mtu anayesafiri "Ijumaa usiku saa tisa" kwa kawaida anamaanisha usiku wa kuamkia Jumamosi, na kwenye programu hiyo ni Jumamosi, 03:00. Ukichagua Ijumaa 03:00, kengele ya safari imekutangulia kwa siku nzima. Tiketi nazo zitazame vizuri: ya ndege huandikwa kwa saa za kimataifa, lakini ya basi iliyojazwa kwa mkono ikisema "12:00 asubuhi" inamaanisha 06:00. Ikiwa imeandikwa 12:00 bila neno lingine, muulize karani kabla hujaondoka dirishani.

Wenye vikao vya mtandaoni na watu wa Ulaya wajue kwamba huko saa husogezwa mwezi Machi na Oktoba, huku kwetu hazisogezwi. Kikao cha saa 10:00 ya London ni saa 7 mchana Dodoma wakati wa baridi yao, na ni saa 6 mchana wakati wa kiangazi chao. Vikao vya namna hiyo viweke kwenye kalenda kwa mwaliko uliotumwa na mwenye kikao, usiviandike kwa mkono kwenye orodha.

Kengele isiyolia

Malalamiko ya pili kwa wingi ni kwamba programu "haikumbushi". Mara nyingi programu haina kosa, ni simu imeizuia. Simu nyingi za Android zinazouzwa kwa bei nafuu, Tecno, Infinix na itel zikiwemo, huja na mfumo mkali wa kuokoa betri unaozima programu ambazo hujazigusa kwa saa kadhaa. Programu ikizimwa, kikumbusho chake hukaa kimya mpaka uifungue.

Rekebisha hivi. Nenda kwenye mipangilio, kisha programu, chagua programu yako ya kazi, ingia sehemu ya betri, na uchague hali isiyo na kizuizi. Kwenye simu zenye sehemu ya kuruhusu programu kujiwasha zenyewe, iruhusu huko pia. Kuanzia Android 13 programu mpya haiwezi kutoa arifa mpaka umeipa ruhusa, na watu hubonyeza "usiruhusu" bila kusoma pale wanapoifungua mara ya kwanza. Ipo pia ruhusa ya pekee ya kengele na vikumbusho, iliyoanza na Android 12. Isipokuwepo, kikumbusho huweza kuchelewa. Ile programu ya kusafisha simu iliyokuja nayo, yenye kitufe cha "ongeza kasi", acha kuibonyeza kila saa, maana inachokifanya ni kuzifunga programu ulizozihitaji.

Baada ya hapo jaribu mara mbili. Weka kikumbusho cha dakika 15 mbele, funga skrini, weka simu mezani usiiguse. Kikilia, weka kingine cha alfajiri ya kesho, kwa sababu simu iliyolala usiku kucha bila kuguswa huingia usingizi mzito zaidi. Ikilia na hiyo, umemaliza. Hata hivyo, kikumbusho cha kazi kwa kawaida hutoa mlio mfupi mara moja tu. Kuamka kuwahi basi ni kazi ya kengele ya saa ya simu, usiiachie orodha.

Namna ya kuandika kazi

Sasa rudi kwenye karatasi yako, uhamishie mambo moja moja. Kila kazi ianze na kitenzi cha kitu kinachoonekana kwa macho: piga, peleka, lipa, nunua, chapa, uliza. "LUKU" si kazi. "Nunua umeme wa 20,000 uniti zikifika 10" ni kazi. "Mama" si kazi. "Mpigie mama, muulize tarehe ya kliniki ya macho" ni kazi.

Vitenzi viwili viogopwe: shughulikia na fuatilia. "Fuatilia hati ya kiwanja" inaweza kukaa kwenye simu kuanzia masika hadi masika, kwa sababu kila ukiisoma inabidi uanze upya kufikiri: nianzie wapi, kwa nani, na karatasi gani? Ivunje. Kazi kubwa iitwe "Hati ya kiwanja", na ndani yake weka hatua: tafuta risiti za malipo kwenye bahasha ya kaki, toa nakala mbili, nenda ofisi ya ardhi na namba ya faili, uliza imefikia meza gani, andika jina la ofisa na siku aliyosema urudi. Programu zote nne zinaruhusu hatua ndogo ndani ya kazi. Zikizidi saba hivi, jambo hilo limekuwa mradi na linastahili orodha yake.

Mwishoni mwa jina weka muda unaokadiria, kwa dakika: "dk 15", "dk 90". Makadirio ya kwanza huwa ya matumaini. Kazi yoyote inayohusu dirisha la kuhudumia watu, benki, hospitali au ofisi ya umma, izidishe mara mbili.

Kisha tofautisha tarehe ya mwisho na kikumbusho. Kwenye Microsoft To Do ni vitufe viwili, kalenda na kengele, na cha kalenda hakipigi mlio wa saa. Mtu huweka tarehe akidhani ataitwa, kumbe ameweka alama tu. Upande wa pili, kuipa kila kazi tarehe ya kubuni ni kujiharibia: siku tatu baadaye orodha yote inakuwa nyekundu, na jicho huacha kuiona rangi hiyo. Tarehe iwekwe tu pale ambapo kuchelewa kuna gharama.

Gawa kwa mahali

Vitabu na video nyingi hushauri kugawa kazi kwa umuhimu. Kwa Dodoma tunashauri mahali kwanza, kwa kuwa jiji limetawanyika. Mji wa Serikali Mtumba uko takriban kilomita 17 kutoka katikati ya jiji. Aliyefika huko na kugundua kwamba karatasi moja imebaki Makole amepoteza asubuhi na nauli.

Orodha tano au sita zinatosha. Mfano unaofaa wafanyakazi wengi: Mtumba na njia yake, Mjini, UDOM na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Nyumbani, Simu na kompyuta. Hiyo ya kwanza ina faida, maana Stendi Kuu ya Nanenane na Soko Kuu la Job Ndugai vyote viko Nzuguni, kwenye barabara hiyo hiyo ya Dar es Salaam. Kuchukua kifurushi kilichokuja na basi, kununua vitunguu na kupeleka barua wizarani ni safari moja, ilimradi uvione vyote pamoja kabla hujapanda daladala. Asiyekwenda Mtumba kamwe atengeneze za kwake kwa njia anazopita: Area C hadi Majengo, Kikuyu, Nkuhungu. Kanuni ni kwamba ukiwa mahali fulani, fungua orodha moja tu.

"Simu na kompyuta" ndiyo orodha ya kungojea. Ukikaa kwenye foleni dakika 40, ifungue upunguze tatu.

Kupanga siku, usiku

Asubuhi si wakati wa kupanga. Watoto wanakwenda shule, maji hayajachotwa, na ujumbe wa WhatsApp umeshaanza. Panga usiku baada ya chakula, dakika 10, na weka kikumbusho cha kila siku cha kufanya hivyo, tuseme saa 3 usiku, yaani 21:00.

Fungua orodha zako, uzipeleke kwenye ukurasa wa kesho kazi tatu nzito na zisizozidi tano nyepesi. Kwenye To Do utaziongeza kwenye My Day mwenyewe asubuhi au baada ya saa 6 usiku, kwa kuwa ukurasa huo ni wa leo tu, kwa hiyo usiku zipe tarehe ya kesho na asubuhi zitajitokeza kwenye mapendekezo. Kwenye Google Tasks tumia alama ya nyota, na kila usiku ondoa nyota za jana kabla ya kuweka mpya.

Jumlisha zile dakika. Saa za kazi serikalini, saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, ni saa nane, lakini usipange zaidi ya nne. Nusu iliyobaki italiwa na wageni, simu za bosi, kukatika kwa umeme na chai. Hasa kipindi cha Bunge la bajeti, Aprili hadi mwisho wa Juni, mtumishi wa wizara apange saa mbili tu na ashukuru zikitimia.

Kazi isiyofanyika siku hiyo ni kiporo. Ihamishe mara moja, mara mbili sawa. Ikihama mara ya tatu, simama uiulize: je, hatua ya kwanza haijulikani? Hiyo ivunje. Inamngoja mtu mwingine? Ipeleke kwenye orodha ya "Nasubiri". Au huitaki kabisa? Ifute. Viporo visivyohojiwa ndivyo vinavyomfanya mtu aogope kufungua programu yake mwenyewe.

Orodha ya Nasubiri

Huku kwetu sehemu kubwa ya mambo iko mikononi mwa wengine, na jibu la kawaida ni "njoo Alhamisi". Andika hapo hapo mlangoni, kabla hujashuka ngazi: nani, nini, siku uliyoomba, siku ya kuuliza tena. Kwa mfano, "Nasubiri: fundi seremala, milango miwili, nilitoa advansi 150,000 tarehe 4, nimpigie tarehe 12". Weka kikumbusho tarehe 12. Ukimpigia na tarehe na kiasi mkononi, mazungumzo huwa mafupi.

Vivyo hivyo na maagizo ya WhatsApp. Kuweka nyota kwenye ujumbe hakusaidii, nyota hizo hazina tarehe. Nakili ujumbe, ubandike kama kazi, kisha rekebisha mwanzo wake uwe kitenzi. Ujumbe wa sauti usikilize mara moja tu na uandike kilichoagizwa.

Kazi zinazojirudia

Hapa programu inaishinda kabisa daftari. Mwenye biashara aweke tarehe za TRA: kodi ya mishahara hulipwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, ritani ya VAT hadi tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na kwa anayefunga hesabu Desemba, awamu za kodi ya makadirio ni mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Kikumbusho kitangulie kwa siku tatu au nne, maana siku ya mwisho mtandao huelemewa na control number hugoma.

Kwa nyumbani: ankara ya maji ya DUWASA, kodi ya nyumba, bima ya gari, dawa za mzee. Kama mtaa wenu una siku za mgao wa maji, weka "Fungua bomba, jaza tenki" kwa siku hizo. Mvua za Dodoma ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, kwa hiyo kazi ya mwaka iitwayo "Kagua paa na mifereji" iwe tarehe 1 Novemba, mafundi wakiwa bado hawajagombaniwa.

Mambo mawili huharibika. Kwanza, ukichagua "kila mwezi tarehe 31", programu hazikubaliani kuhusu mwezi wa siku 30, nyingine huruka. Tumia 28. Pili, zipo kazi zinazofuata kalenda na zipo zinazofuata siku ulipozimaliza mara ya mwisho. Kodi ni ya kwanza. Kubadilisha oili ya pikipiki au kujaza mtungi wa gesi ni ya pili. Todoist hutenganisha kwa alama ya mshangao baada ya neno every, na TickTick ina chaguo la kurudia kuanzia siku ya kumaliza. Kwenye Google Tasks na To Do, kazi za aina ya pili usizirudie. Ukiweka tiki, andika nyingine kwa tarehe unayokadiria.

Kushirikiana

Orodha ya sokoni ni nzuri kushirikiana na mwenza au kijana wa dukani. Todoist, TickTick na To Do zinaruhusu kwa kutuma mwaliko. Andika kitu, kipimo na bei ya juu unayokubali: "Mchele kilo 5, usizidi 3,000 kwa kilo". Tiki iwekwe kitu kikiingia kwenye kikapu, isingoje kufika nyumbani, la sivyo mtanunua nyanya mara mbili, mmoja Majengo na mwingine Sabasaba. Na yule aliye sokoni awashe data, kwa kuwa orodha isiyopata mtandao itamwonyesha ya jana.

Kwenye orodha yoyote, ya pamoja au ya siri, usiandike namba ya siri ya pesa za simu, nywila wala namba ya NIDA. Skrini ya arifa inasomeka hata simu ikiwa imefungwa. Anayekaa dawati la kuhudumia watu aingie kwenye mipangilio ya arifa na kuficha maudhui kwenye skrini iliyofungwa, abakize mlio tu.